Mapishi tumepewa, jiko je?

Wadau, leo siasa naziweka pembeni. Kuna historia moja ambayo sijaiona ikipewa hata nusu ukurasa kwenye magazeti yetu, nami nimeona niimwage hapa kwenye uwanja wangu, maana hapa hakuna mhariri wa kuniambia "hii haiuzi".

Unaikumbuka Jambo OpenOffice? Kama ulikuwa Mlimani miaka ile huenda uliiona. Mwishoni mwa mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, ilitoa programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Barua unaandika, mahesabu unapiga, na menyu zote ziko kwa lugha ya mama zetu. Mwaka huohuo Microsoft nao walikuwa wametangaza kwamba wataleta Windows na Office za Kiswahili. Tofauti ni kwamba ile ya Microsoft haikuwa huria. Hii ya Mlimani ilikuwa programu huria: msimbo wake, yaani maandishi ya wataalamu yanayoifanya programu iwe programu, uko wazi kwa yeyote. Unachukua, unabadilisha, unagawa. Hakuna wa kukuuliza leseni.

Hapo ndipo watu wengi huishia wanaposifia programu huria. Mapishi yako wazi kwa kila mtu, basi tumekuwa huru! Mimi nataka tuzungumzie jiko.

Maana msimbo haupandi kwenye skrini wenyewe. Ni maelfu ya mafaili ya maandishi ambayo lazima yapitishwe kwenye kompaila, yageuzwe lugha ya mashine, yaunganishwe na maktaba nyingine za programu, ndipo upate kitu cha kubofya. Kazi hiyo inaitwa kujenga programu. Na ili ifanyike kwa mpangilio panahitajika mtambo mwingine wa kuisimamia: faili gani lianze, lipi lifuate, kompyuta hii ina nini na imekosa nini. Huo ndio mfumo wa kujenga. Mtumiaji wa kawaida hauoni kamwe. Lakini mtu anayetaka kubadilisha neno moja kwenye menyu, au kurekebisha kosa moja, hana njia nyingine. Lazima apite jikoni.

Sasa jiko la OpenOffice, ndugu zangu, lilikuwa balaa.

Programu ile haikuzaliwa huria. Ilianza Ujerumani kwa jina la StarOffice, kazi ya kampuni ya Star Division iliyoanzishwa na kijana aitwaye Marco Börries katikati ya miaka ya 1980. Sun Microsystems wakainunua mwaka 1999, na Oktoba 2000 wakaufungua msimbo wake kwa dunia. Walichofungua ni nyumba ya watu waliokaa humo peke yao kwa miaka mingi. Maelezo mengi ndani ya msimbo yalikuwa kwa Kijerumani. Usimamizi wa kujenga ulitumia chombo kiitwacho dmake, ambacho nje ya mradi huo hukukutana nacho mara nyingi, juu yake kukiwa na skripti za Perl, juu yake tena masharti ya aina ya shell unayopaswa kuwa nayo. Ukikosa kimoja, kazi inakwama katikati. Ikienda vizuri, kompyuta ya kawaida ya wakati ule ilikaa saa nyingi ikisaga, na gigabaiti kadhaa za diski zimeliwa.

Weka hilo kwenye mazingira ya Bongo ya miaka ile. Mwaka 2006 mgao wa umeme ulikuwa wa kutisha, mabwawa yamekauka, na sakata la Richmond lililozaliwa humo likaja kumng'oa waziri mkuu Februari 2008. Intaneti ilikuwa ya setilaiti mpaka mkaba wa SEACOM ulipofika Dar Julai 2009. Sasa wewe una tafsiri yako nzuri ya Kiswahili, umegundua neno moja limekaa vibaya, unataka kulisahihisha na kuona linavyoonekana. Tafsiri inapaswa kuingizwa ndani ya msimbo, halafu programu ijengwe upya. Umeme ukikatika usiku wa manane unaanza hesabu upya asubuhi.

Ndiyo maana nasema uhuru wa kwenye karatasi ni kitu kimoja na uhuru wa mezani ni kingine. Ruhusa ilikuwa ya wote. Uwezo ulikuwa wa wachache wenye mashine nzito na subira ya mvuvi.

Lakini tuwe wa haki: tatizo halikuanzia Ujerumani wala halikuishia OpenOffice. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1976, kwenye maabara za Bell huko Marekani, palikuwa na bwana aitwaye Stuart Feldman. Siku moja mwenzake, Steve Johnson, aliingia ofisini kwake akilalama. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akiwinda kosa kwenye programu yake, kumbe kosa alikwisha kulisahihisha. Faili lililosahihishwa halikuwa limepitishwa tena kwenye kompaila, kwa hiyo alikuwa anachunguza maiti ya jana. Feldman alikuwa amekumbana na mkasa kama huohuo. Mwishoni mwa juma lile akaandika Make: chombo kinachotazama mafaili, kinaona lipi limebadilika, kinapika upya lile tu na yale yanayolitegemea. Wazo dogo. Mwaka 2003 lilimpatia tuzo ya chama cha wanakompyuta cha ACM.

Kuna kichekesho kimoja kuhusu Make. Kwenye faili lake la maelekezo, mistari ya amri lazima ianze na tabu. Ukiweka nafasi za kawaida nane, ambazo kwa macho hazina tofauti yoyote, inakukatalia. Feldman aliligundua hilo mapema. Ila tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni hivi, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwasumbua. Kwa ajili ya marafiki kumi na wawili, dunia nzima imehangaika na tabu kwa karibu miaka hamsini!

Make ilitosha mradi kompyuta zote zinafanana. Miaka ya 1980 hazikufanana hata kidogo. Kila kampuni ilikuwa na Unix yake: Sun, HP, IBM, DEC, kila mmoja na lafudhi yake. Programu iliyojengeka huku ilikataa kule. Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akifanya kazi za mradi wa GNU, akaja na Autoconf. Mtunzi wa programu anaandika maelezo mafupi, Autoconf inayageuza kuwa skripti ndefu iitwayo configure, na skripti hiyo inakwenda kwenye kompyuta ya mtumiaji na kuihoji kama afisa uhamiaji wa Namanga: una faili hili? Una kazi ile? Kompaila yako inajua jambo fulani? Baadaye vikaongezwa Automake na Libtool, na familia nzima ikaitwa Autotools.

Kwa wakati wake lilikuwa jambo la ukombozi, sitaki mtu aniambie vinginevyo. Mtumiaji hakuhitaji kuwa na Autoconf yenyewe. Alihitaji shell na Make tu. Anaandika configure, anaandika make, anaandika make install, anakunywa chai. Kijana aliyepata CD ya Ubuntu kwa posta (unakumbuka ShipIt, Canonical walivyokuwa wakituma CD za bure mpaka mwaka 2011?) alijifunza maneno hayo matatu kama mtoto wa madrasa anavyojifunza alifu bei te.

Shida ilikuwa upande wa mtunzi. Autotools imejengwa juu ya m4, lugha ya makro ya miaka ya 1970 iliyotungwa na Kernighan na Ritchie, ikichanganywa na shell, ikichanganywa na Make. Lugha tatu kwenye sufuria moja. Wachache waliielewa, wengi walinakili faili la mradi wa jirani, wakabadilisha majina, wakaomba Mungu. Skripti za configure zikafikia makumi ya maelfu ya mistari. Na ziliendelea kuuliza maswali ya marehemu: kama kompyuta yako ina mafaili ya msingi ya lugha ya C ambayo kompyuta zote zimekuwa nayo tangu wengi wetu hatujazaliwa.

Wakati huo ndipo programu huria za eneokazi zilipozaliwa. KDE ilianzishwa na Matthias Ettrich Oktoba 1996, GNOME ikaanza mwaka uliofuata. Zote zikaingia kwenye Autotools kwa sababu ndilo jiko lililokuwepo. KDE walikuwa na saraka nzima ya skripti zilizogawanwa kati ya programu zao zote, na watu walioweza kuigusa bila kuibomoa walikuwa wa kuhesabika. Jaribu kufikiri: mradi wenye mamia ya wachangiaji, halafu funguo za jiko wanazo wazee watatu.

KDE ndio waliochoka kwanza. Mwaka 2005, wakijiandaa na toleo la nne, waliamua kuhama. Chaguo la kwanza lilikuwa SCons, iliyoandikwa kwa Python. Wakahangaika nayo miezi kadhaa, ikawashinda. Mapema mwaka 2006 wakageukia CMake, chombo cha kampuni ya Kitware ya New York kilichoanza mwaka 2000 kwa kazi isiyohusiana kabisa na eneokazi: programu za kuchambua picha za kitabibu zilizofadhiliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Alexander Neundorf wa KDE alilivalia njuga, na Bill Hoffman wa Kitware akawa anaitikia maombi yao, akirekebisha CMake pale ilipopungua. Naona hili la pili ndilo lililoamua mambo. SCons ilikuwa na mawazo mazuri, ila CMake ilikuwa na mtu anayejibu barua. KDE 4.0 ikatoka Januari 11, 2008, nayo imejengwa kwa CMake, na faida ambayo haikutegemewa sana ni kwamba programu za KDE sasa ziliweza kujengwa hata kwenye Windows na Mac.

GNOME walisubiri zaidi ya miaka kumi. Chombo chao kilitoka kwa Mfini aitwaye Jussi Pakkanen, aliyeanza kukitunga wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka 2012. Akakiita Meson. Yeye alikuja na msimamo wa kibishi: lugha ya maelekezo iwe rahisi kusomeka, na isiruhusu mtu kuandika programu nzima ndani yake. Ukitaka kufanya maajabu, yafanye kwingine. Kazi ya kupika yenyewe Meson inaikabidhi kwa chombo kingine kidogo na chepesi, Ninja, cha Evan Martin, aliyekitengeneza akiwa kwenye kazi ya kivinjari cha Chrome cha Google, ambako kusubiri Make kulikuwa kumemchosha. Mwaka 2017 GNOME wakaanza kuhama kwa wingi, na systemd nao wakahamia Meson mwaka huohuo. GLib, maktaba iliyo chini ya karibu kila kitu cha GNOME, ikaitupa Autotools mwaka 2019. GTK 4 ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa ya Meson tu.

Faida yake nimeiona kwa macho, na wala si Dar. Niliwahi kuwa likizo Ringwani, huku kwetu Mara, na binamu yangu mmoja anayefundisha sekondari alikuwa na laptop ya mtumba yenye Linux. Akaniambia, "Kaka, hii programu ya kuandikia nataka menyu zake ziwe kwa Kikurya, wanafunzi wangu wacheke." Ilikuwa programu ndogo ya GNOME, ya Meson. Tukasoma faili la maelekezo, mistari haikufika mia, na mimi nisiye mhandisi nikaelewa inasema nini: jina la programu, maktaba inazotaka, mafaili ya kupika, saraka ya tafsiri. Akaongeza jina la lugha kwenye orodha, akatafsiri maneno kama ishirini, akajenga. Muda mwingi zaidi uliliwa na vifurushi vya data kwa ajili ya maktaba, na tulilazimika kumtuma kijana wa bodaboda vocha. Kupika kwenyewe kulikuwa dakika chache. Akibadilisha neno, sekunde.

Programu ya pili aliyojaribu ilikuwa ya zamani, ya Autotools. Ikadai toleo fulani la Automake, tulipolipata ikalalamikia makro fulani haipo, tulipoitafuta makro ikasema toleo si lenyewe. Tukaiacha tukaenda kula.

Najua mtu wa kompyuta anayesoma hapa ameshakunja uso. Atasema: "Wewe mwandishi, Meson inahitaji Python na Ninja, Autotools ilihitaji shell tu!" Ni kweli, na kwa mtu wa Ringwani hoja hiyo si ya kupuuza, kila kinachoongezwa kwenye orodha kinalipiwa bando. Ila Meson yenyewe ni ndogo, na Python iko tayari kwenye karibu kila Linux ya eneokazi. Kilichokula bando la binamu yangu ni maktaba, na hizo zinatakiwa na mfumo wowote. Kuna wanaosema pia CMake si rahisi hivyo, lugha yake ina vituko vyake. Hilo nawaachia, sibishani.

Hoja nzito zaidi ilikuja Machi 2024, na hii hata wasiojua kompyuta walipaswa kuisikia. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inaitwa xz. Iko kwenye karibu kila sava ya Linux duniani. Mtunzaji wake, Lasse Collin, alikuwa amechoka, anaifanya kazi kwa kujitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan akajitokeza kumsaidia, akasaidia kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akapandikiza mlango wa siri wa kuingilia kwenye sava za watu.

Aliuficha wapi? Jikoni. Kipande cha kuufungua kiliwekwa kwenye faili la m4, katikati ya skripti za Autotools, na kilikuwepo kwenye kifurushi cha kupakua tu, si kwenye hazina ya wazi ambako wenzake wangeweza kukikuta. Alijua jambo moja: vifurushi vya Autotools huja na mafaili marefu yaliyozalishwa na mashine, na hakuna binadamu anayeyasoma. Faili moja zaidi la m4 nani angelishangaa? Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mtu wa PostgreSQL, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Machi 29 akautangazia ulimwengu, kabla matoleo hayo hayajasambaa kwenye Linux nyingi zinazotumika maofisini.

Sitaki kudanganya kwamba urahisi ungemzuia Jia Tan. xz ilikuwa na maelekezo ya CMake pia, na humo nako alipita: aliweka nukta moja, nukta tu, kwenye kipande cha majaribio, ikafanya kipimo kishindwe na ulinzi fulani uzimwe kimyakimya. Lakini ile nukta iko kwenye faili linalosomeka, mtu makini angeweza kuiona. Mzigo mkubwa aliubeba kule ambako hakuna anayefungua. Mwandishi wa habari yeyote anaijua hiyo. Taarifa mbaya ya halmashauri huwekwa kwenye kiambatisho cha kumi na nne.

Na OpenOffice yetu? Septemba 28, 2010 wachangiaji wake wengi walijitenga na Oracle, aliyekuwa ameinunua Sun, wakaanzisha LibreOffice. Kati ya kazi za kwanza za wageni ilikuwa kutafsiri yale maelezo ya Kijerumani kwenda Kiingereza, na nyingine ni kuivunja ile nyumba ya dmake, chumba kwa chumba. Björn Michaelsen na wenzake walijenga mfumo mpya juu ya GNU Make ya kawaida, wakauita gbuild. Ilichukua miaka. Kufikia mwaka 2013 dmake ilikuwa imekwisha kuaga LibreOffice. Oracle waliipa Apache ile OpenOffice ya asili mwaka 2011, na huko dmake haikuondoka.

Hawakwenda Meson, na naona walifanya sawa. Huwezi kuhamisha mamilioni ya mistari ya msimbo kwa sababu ya mtindo. GIMP yenyewe, programu ya picha iliyozaliwa Berkeley katikati ya miaka ya 1990 na ambayo GTK ilitokana nayo, ilifika Meson moja kwa moja kwenye toleo la 3.0, Machi 2025, miaka mingi baada ya majirani zake.

Kiswahili nacho bado kimo humo. Kwenye orodha ya lugha za LibreOffice kuna alama sw-TZ. Anayetaka kuijenga LibreOffice ya Kiswahili mwenyewe anachukua msimbo, anaandika autogen.sh na kutaja lugha hiyo, kisha make. Bado itakula gigabaiti nyingi na itachukua saa kadhaa, kwa hiyo binamu yangu nimemwambia asubiri nikirudi na laptop ya kazini. Ameshaanza kuniandikia orodha ya maneno anayotaka yabadilishwe, na la kwanza kwenye orodha ni "tarakilishi".